WANAOICHEKA DIGRII YA POSTA WAMCHEKA NANI?

Liko neno linalotembea Kigoma kutoka Mwanga hadi Kibirizi, na sasa limefika hata kwenye vibaraza vya kahawa vya Ujiji. Neno lenyewe ni "digrii ya posta". Hulisema mkubwa wa ofisi aliyekalia kiti cha kuzunguka. Hulisema kijana aliyeshuka juzi kwenye treni ya Dar es Salaam, cheti chake bado kinanukia wino. Na tumewasikia hata watoto wa shule wakilirukia kama wimbo. Akipita mwalimu aliyekesha miaka sita mpaka akapata shahada yake, watu hugusana viwiko: "Huyo naye ni wa posta." Kisha hucheka.

Sisi hatucheki. Sisi twauliza: wamcheka nani?

Mwenye kuchekwa twamjua, maana ni jirani yetu. Chukueni mwalimu mmoja wa kike, mwalimu wa Daraja la IIIA, anayefundisha katika kijiji kimoja cha mwambao wa kusini, huko ambako gari halifiki na kila kitu huja kwa maji. Asubuhi anafundisha darasa lililojaa watoto mpaka dirishani. Mchana anasahihisha madaftari. Jioni anapika, anaosha watoto wake, anamhudumia mama mkwe. Saa nne za usiku, wakati wavuvi wamekwisha kusukuma mitumbwi na taa zao zinaonekana ziwani kama mji uliojengwa juu ya maji, ndipo naye anawasha taa yake na kufungua kitabu. Amejiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kusomea shahada ya ualimu. Ada ameilipa mwenyewe, kidogo kidogo, kutoka katika mshahara ule ule unaolisha watu saba.

Mwaka mmoja ulipokaribia wakati wa mitihani, mwalimu huyo aliandika barua ya kuomba ruhusa ya siku chache aende Kigoma mjini, kwenye kituo cha mkoa, akafanye mtihani. Aliiandika wiki tatu kabla. Mkuu wake akamjibu kwa mdomo, mbele ya walimu wenzake, kwamba shule haifungwi kwa ajili ya digrii za posta. Akaandika tena, safari hii kwa ofisi ya juu. Barua ilipanda, ikakaa, ikashuka. Ilipomfikia, ruhusa ilikuwa imekubaliwa na mhuri umepigwa vizuri kabisa, lakini mtihani ulikuwa umekwisha kufanywa siku tisa zilizopita. Mwaka ukapotea. Na wiki ile ile mkuu huyo alikwenda mjini kwenye harusi akakaa siku nne, na shule haikufungwa.

Hatumtaji jina mkuu huyo wala hatuitaji shule yake. Si kwa kumwogopa. Tukimtaja yeye mmoja, wengine kumi wa mfano wake watalala usingizi mzuri wakidhani hawakusemwa.

Basi tuanze na hilo neno "posta", tuone limetoka wapi na nani wa kuliona aibu. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiokaa London mwaka 1858. Mtu aliweza kusoma popote alipo, akafanya mtihani, akapewa digrii. Makerere ilipofanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949, digrii iliyotolewa pale Kampala haikuwa ya Makerere. Ilikuwa ya London. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, na mtihani wao nao ulikuwa wa London. Mpaka mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa, msomi wa Makerere na msomi wa Mtaa wa Lumumba wote walikuwa wakisomea digrii ya chuo kilichoko ng'ambo ya bahari, wengi wao hawajapata hata kukiona kwa macho. Je, kuna aliyewaita wazee wale "wa posta"? La hasha! Watu walisimama wakawapisha njia.

Mtu atasema: lakini wale walikuwa na walimu darasani. Kweli. Na Nelson Mandela alikuwa na mwalimu gani? Shahada yake ya kwanza, aliyoipata mwaka 1943, aliimaliza kwa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini baada ya kufukuzwa Fort Hare. Shahada ya sheria akapewa na chuo hicho hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Chuo hicho ndicho kilichoanzishwa mwaka 1873 kwa jina la Chuo Kikuu cha Rasi ya Tumaini Jema, na tangu mwaka 1946 kikashika kazi ya kufundisha kwa posta. Tena sikilizeni neno hili. Gerezani Robben Island, walinzi walipogundua kwamba Mandela ameandika kwa siri habari za maisha yake, hawakumpiga. Walimnyang'anya ruhusa ya kusoma, kwa muda wa miaka minne. Makaburu walijua wanachofanya. Walijua kwamba mtu aliyekwisha kunyimwa kila kitu bado ana kitu kimoja cha kunyimwa.

Hatusemi kwamba mwalimu mkuu wa kijiji cha ziwani ni kaburu. Ni Mtanzania mwenzetu, na huenda ana taabu zake. Tunachosema ni kwamba kalamu yake, siku ile, ilifanya kazi ile ile.

Na sisi wa Kigoma tuna sababu zetu za kukasirika zaidi ya watu wengine. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914. Watu husimulia habari hiyo kama kwamba tuliletewa zawadi. Yafaa tujiulize treni ile ilikuwa ikichukua nini ilipokuwa ikirudi pwani. Mkoloni alipoitazama Buha hakuona shule, wala shamba la kahawa, wala kiwanda, aliona mikono. Vijana wa Kasulu na Kibondo walipakiwa kwa mkataba wakapelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, maana mtu alikuwa namba. Mwenye kuhesabiwa kuwa mkono hafunguliwi shule ya kumpa kichwa. Kwa hiyo Uhuru ulipokuja mikoa mingine ilikuwa na makarani, matabibu na walimu wa kutosha kuanzia, na sisi tulianzia nyuma. Kasumba hiyo bado haijatoka. Ndiyo inayomfanya mtu aone kwamba elimu ni kitu cha kufuatwa Dar es Salaam, umbali wa kilomita 1,250 kwa reli, na kwamba aliyebaki hapa na kuipata hapa lazima ameipata kwa njia ya uchochoroni.

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa ili kuiua kasumba hiyo. Mwaka 1992 nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, kile cha Dar es Salaam na kile cha Sokoine pale Morogoro. Kamati iliyoongozwa na Ndugu Nicholas Kuhanga ilikuwa imekwisha kulifikiri jambo hili, na Bunge likapitisha Sheria Na. 17 ya mwaka huo. Chuo kikaanza kazi tarehe 1 Machi 1993 na kuzinduliwa rasmi tarehe 19 Januari 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, hakuwa mtu aliyeokotwa njiani; alikuwa amekwisha kukiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu wa namna hiyo haachi Mlimani aje kusimamia kiwanda cha vyeti vya mzaha. Makao makuu yakawekwa Kinondoni, na vituo vikafunguliwa mikoani, Kigoma ikiwamo. Mwanafunzi hufuata vitabu na masomo yake akiwa kazini, huonana na walimu kwa vipindi, hufanya majaribio na mitihani mbele ya wasimamizi, kitambulisho mezani. Tume ya Vyuo Vikuu inayovisimamia vyuo vingine ndiyo inayokisimamia na hiki. Sasa mwenye kucheka atuonyeshe ni karatasi ipi ya mtihani iliyopitishwa dirishani.

Labda hajui kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa posta. Tumkumbushe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, nchi haikuwa na walimu. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa haraka namna hiyo hata kama vingefundisha usiku na mchana. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa vijijini kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa vitabu vya posta, kwa redio, na kwa kusimamiwa na walimu wa zamani. Walihitimu kwa makumi ya maelfu. Watu wakawaita "walimu wa UPE" kwa dharau ile ile tunayoisikia leo. Lakini ni nani aliyemfundisha huyo bwana wa kiti cha kuzunguka kuandika a, e, i, o, u kwenye vumbi chini ya mwembe? Kama alianza shule kijijini miaka ile, jibu analijua. Nyani haoni kundule.

Azimio hilo hilo lilisema neno jingine ambalo limesahauliwa upesi mno: kwamba haifai kijana kutoka darasani na kuingia chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, awajue watu, kisha ndipo asome zaidi. Twauliza basi: ni nani leo anayelitimiza kuliko mwalimu yule wa mwambaoni? Ametangulia kufanya kazi. Anayoyasoma usiku kuhusu namna mtoto anavyojifunza, asubuhi anayajaribu kwa watoto walio mbele yake, na kama kitabu kimesema uongo anajua kabla ya saa nne. Afisa wa ushirika akisoma sheria, jioni ile ile ana mgogoro wa mawese wa kuamua. Muuguzi wa zahanati akisoma utawala, kesho yake anajua kwa nini dawa hazifiki. Huku ndiko kusoma tulikokuwa tukikuomba tangu zamani, na kulipokuja tumekupa jina la matusi.

Lakini nasi tusijisifu mno, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wako miongoni mwa wanaojiandikisha watu wanaoiaibisha kazi hii. Yuko anayemlipa kijana wa kwenye duka la kompyuta amwandikie kazi aliyopewa na mwalimu wake, naye hata jina la mada halijui. Siku hizi yuko asiyelipa hata huyo kijana. Anaiambia mashine iandike, anabandika jina lake juu. Yuko aliyejiandikisha kwa sababu ya cheo tu, anataka aitwe msomi kwenye mwaliko wa harusi, na tangu alipe ada ya kwanza hajafungua ukurasa. Watu hao tunawaambia bila kuuma maneno: ninyi ndio mnaompa mcheshi kicheko chake. Mwalimu wa mwambaoni anapolala saa saba, nanyi mnalala saa mbili, kisha mnataka kusimama naye mstari mmoja siku ya mahafali! Anayekamatwa na kosa hilo afukuzwe, na sisi hatutamwandikia tanzia.

Turudi ziwani, maana huko ndiko jambo hili linakoumia.

Kutoka Kalya kuja Kigoma ni safari ya usiku kucha kwa mtumbwi wa injini. Unakaa juu ya magunia ya dagaa, mgongo umeegemea madebe ya mawese, mtoto wa mtu amelala miguuni pako, na vitabu umevifunga ndani ya mfuko wa nailoni mara tatu. Mitihani ikiangukia miezi ya upepo wa kusi, nahodha anaweza kukaa siku mbili akitazama mawimbi kabla hajakubali kuondoka, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu, maana ziwa hili limekwisha kuchukua watu wengi. Kaskazini nako, mtu wa Kagunga, kijiji kilicho mpakani kabisa na Burundi, njia yake ni maji. Mtu hutoka huko akashuka Kibirizi asubuhi, nguo zimelowa, akatafuta mahali pa kunawa uso, kisha akaketi kwenye chumba cha mtihani pembeni ya mtu aliyelala kwake Mwanga na kunywa chai. Karatasi ni ile ile. Saa ni zile zile. Halafu alama zikitoka sawa, aambiwe yake ni ya posta!

Na masomo yenyewe siku hizi mengi yamo katika mtandao. Ni jambo jema, hatulipingi. Kifurushi kilichokuwa kikichukua wiki mbili njiani sasa chaweza kufika kwa dakika mbili. Lakini mtandao katika vijiji vya mwambao ni kama mvua ya vuli. Utauona juu ya kilima, huuoni nyumbani. Tunamjua mtu anayepanda mlima kila Jumamosi na simu yake mkononi ili ashushe masomo ya wiki, na bando likiisha kabla kitabu hakijaisha anashuka na nusu ya kitabu. (Wazee wa Ujiji hawatashangaa. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871 alikuwa amemchukulia mfuko wa barua uliokaa Unyanyembe miezi mingi ukingoja wa kuuleta. Ziwa hili limezoea habari zinazochelewa.) Tunachokitaka ni kidogo: masomo yachapwe pia kwenye karatasi, au yatiwe kwenye kadi ndogo ya simu na kukabidhiwa mtu mkononi, asomee popote bila kupanda mlima.

Wako watakaosema: ngojeni kidogo, kampasi zinakuja. Ni kweli kwamba katika mradi mkubwa wa kupanua vyuo vikuu mikoani ulioanza mwaka 2021, Kigoma ilipangiwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili. Tunaishangilia na vijana wetu wa sayansi watanufaika. Ila kampasi ya afya haimchukui mwalimu wa historia mwenye miaka thelathini na minane na watoto watatu. Haimchukui karani wa halmashauri. Mkoa huu ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni mbili na nusu katika Sensa ya 2022, na wengi wao hawatapata kamwe nafasi ya kuacha kazi na familia wakakae bwenini. Kuwaambia wangoje ni kuwaambia wafe wakingoja, kwa maneno ya adabu.

Yako pia mambo ambayo mtu wa makao makuu hawezi kuyajua asipoelezwa. Uvuvi wa hapa hufuata mwezi. Giza likiwa nene watu wako ziwani usiku mzima na taa zao wakivuta dagaa na migebuka. Mwezi ukipevuka samaki hawaifuati taa, na mvuvi hupumzika siku kadhaa, hushona nyavu, hucheza bao. Mvuvi aliyemaliza kidato cha nne na mwenye hamu ya kuendelea, kalenda yake ya kusoma iko mbinguni na mtu yeyote anaweza kuiona. Ni nani aliyewahi kupanga vipindi vya masomo kwa kuutazama mwezi? Na mwaka 2024 Serikali ililifunga Ziwa lote kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Sababu yake tuliielewa na wengi waliitii kwa uchungu. Miezi mitatu! Maelfu ya vijana walikaa ufukweni mikono mitupu. Polisi walikuja, maafisa wa uvuvi walikuja, wahubiri walikuja. Hatukumwona mtu hata mmoja aliyekuja na sanduku la vitabu akasema: ndugu zangu, kwa kuwa hamna kazi ya mikono, haya kaeni tuanze kozi ya kujiandaa. Samaki walipewa nafasi ya kukua, binadamu hakufikiriwa.

Basi tuseme tunachotaka, na tukiseme waziwazi ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Ruhusa ya kwenda kufanya mtihani isiwe hisani ya mkuu. Iwe haki ya mtumishi, iandikwe katika waraka, na mkuu atakayeizuia aeleze sababu zake kwa maandishi ndani ya siku saba. Tunajua kwamba shule nyingi zina walimu wachache, na mmoja akiondoka pengo linaonekana. Lakini ratiba ya mitihani haishuki kutoka mbinguni usiku mmoja. Kama ruhusa imeombwa mapema, walimu waliobaki wanaweza kugawana vipindi kwa siku tano, kama wanavyogawana mwenzao akiugua malaria. Malaria haiombi ruhusa wiki tatu kabla.

Pili, mtihani uende kwa mtu. Tukisema hivi watu hutucheka na kusema haiwezekani, karatasi zitaibwa, mtumbwi utazama. Ajabu! Kila uchaguzi mkuu unapofika, masanduku ya kura yanafika Kalya. Yanafika Kagunga. Yanafika Sigunga na Buhingu na vijiji ambavyo hata kwenye ramani hamvioni, yakiwa na lakiri, na askari, na msimamizi mwenye kiapo, na usiku yanarudi. Hatujapata kusikia kwamba uchaguzi umeahirishwa mwambaoni kwa kuwa maji ni mengi. Nchi inayoweza kupeleka sanduku la kura inaweza kupeleka bahasha ya mtihani, hasa bahasha yenyewe ikiwa nyepesi zaidi na wenye kuihitaji wamekwisha kuandikisha majina yao.

Na taa. Kila kata ya mwambao ina shule ya sekondari au walau ofisi. Chumba kimoja, meza nne, taa za nguvu ya jua, kabati la vitabu lenye kufuli, na ufunguo usikae kwa mtu mwenye tabia ya kusafiri nao. Wananchi wa mkoa huu wamejenga madarasa kwa kubeba mawe kichwani. Hawatashindwa kujenga chumba kimoja wakiambiwa ni cha nini.

La mwisho ni la wakubwa wa utumishi. Mtu akisha kuhitimu, abadilishiwe muundo wake. Wako walimu waliopata shahada zao, wakapeleka nakala za vyeti, wakaambiwa wangoje, na miaka inapita wakiwa katika mshahara ule ule wa cheti cha zamani. Walipokuwa wakisoma walichekwa kwamba hawatamaliza. Walipomaliza faili likawekwa chini ya mafaili mengine. Kijana anayeyatazama hayo kutoka dirishani atajifunza somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha chuo, nalo ni baya.

Tumekwisha kuwaandikia wanaohusika na mambo haya manne. Jibu likija tutalichapa, zuri au baya, katika ukurasa huu huu. Na kwa yule mkuu wa shule ambaye hatukumtaja, tuna habari moja tu. Mwalimu wake amejiandikisha tena. Barua yake ya kuomba ruhusa ya mwaka huu ameiandika mapema, miezi mitatu kabla ya mtihani, na nakala yake iko mezani petu.